Sura ya Saba: Sakafu ya Samadi

Mlango wa zizi hili ni mti mmoja. Ni mgunga mzima, uliokatwa karibu na ardhi na kulazwa penye uwazi wa ua, matawi yote yakiwa nje na shina likielekea ndani. Jioni, ng'ombe wa mwisho akishapita, kijana hulishika shina kwa mikono miwili, huegemea nyuma na kuvuta. Matawi hubana uwazi kama kizibo kwenye mdomo wa kibuyu. Hakuna bawaba, hakuna komeo, hakuna kufuli. Mnyama akisukuma kutoka nje anazidi kuukaza. Akitaka kuuvuta itambidi aume miiba. Alfajiri kijana yule yule huusukuma nje kwa bega, na ng'ombe hutoka.

Nilifika Bukundi jua likiwa linashuka. Bukundi ni kata ya Wilaya ya Meatu, Mkoa wa Simiyu, upande ambao Usukuma unaanza kukauka kuelekea bonde la Sibiti na Ziwa Eyasi. Mwenye kaya, mzee wa rika la babu yangu, alikuwa amesimama kando ya uwazi wa zizi, fimbo begani.

"Mwadila, guku," nikamwamkia.

"Mwadila, mjukuu wangu. Karibu. Ila usisimame hapo, hapo ndipo wanapopita."

Nikasogea. Ng'ombe waliingia mmoja mmoja, maana uwazi umepimwa kwa upana wa ng'ombe mmoja mwenye pembe, na upana huo ndio daftari la mfugaji. Wakiingia wawili wawili hesabu inapotea. Mzee hakutamka namba. Alimtazama kila mmoja usoni kama mtu anayewapokea wanawe kutoka shule, na ng'ombe wa mwisho alipopita akasema neno moja kwa kijana, kijana akavuta mti.

Nikamuuliza swali ambalo mtu wa mambo ya kale huuliza kila jengo: zizi hili lina umri gani?

"Unauliza miiba au unauliza chini?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Miiba ina misimu miwili ya mvua. Mchwa wameshaanza kuila, mwakani tutaweka mingine. Chini nilipakuta. Baba naye alipakuta."

Kando ya ua palikuwa na shimo lililochimbwa kwa ajili ya nguzo mpya, kina cha goti na zaidi. Nikapiga magoti nikachungulia. Ukuta wa shimo ulikuwa na mikanda kama ya kitambaa: juu samadi mbichi, ya kijani iliyokolea; chini yake mkanda wa kahawia uliokauka na kushikana kama mkate; kisha ukanda mwembamba mweupe wa majivu, kisha kijivu, kisha kahawia tena, kisha kijivu kingine laini kama unga. Udongo wenyewe wa Bukundi ulianza chini kabisa, mwekundu, kama nchi nyingine. Nilitia kidole kwenye ukanda wa majivu, kikatoka na vumbi lisilokuwa na harufu yoyote. Moto ule uliwashwa na watu ambao mzee huyu hakuwahi kuwaona.

Sura hii yote inatoka katika jibu la mzee na katika shimo lile.

Majengo ya mifugo yana heshima kubwa duniani. Kule Chantilly, kaskazini mwa Paris, mwanamfalme mmoja wa Ufaransa, Louis-Henri wa Bourbon, alimwagiza msanifu Jean Aubert amjengee banda la farasi kati ya mwaka 1719 na 1735. Lilichukua farasi 240 na mbwa wa kuwindia wapatao 500, na ukubwa wake unalishinda kasri lililo jirani. Inasimuliwa kwamba mwenyewe aliamini atazaliwa tena akiwa farasi, akataka mahali pa kufikia. Uingereza, kwenye jumba la Chatsworth, msanifu James Paine alijenga banda la mawe lenye ua wa katikati na mnara wa saa mwanzoni mwa miaka ya 1760, na leo watu hukaa humo kunywa chai. Wageni hulipa kiingilio, wanafunzi wa usanifu huchora nguzo, na sheria huyalinda.

Kwetu pia palikuwa na ya namna hiyo, lakini pwani. Kasri la Mtoni, lililojengwa kaskazini ya mji wa Unguja kwa ajili ya Seyyid Said katika miaka ya mwisho ya 1820 na ya mwanzo ya 1830, lilikuwa na farasi pamoja na uwanja wa ndani uliojaa paa, tausi na mbuni. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliyaandika hayo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Leo Mtoni ni magofu ya matumbawe na chokaa, nayo yana walinzi na watu wanaoyasemea.

Farasi hakuvuka kuja bara. Mbung'o, au ndorobo kama wengi wa kanda hii wanavyomwita, alimmaliza njiani kwa ugonjwa wa nagana. Ndiyo maana Speke alipoliona ziwa kubwa upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alifika huko bila farasi. Huku mnyama wa heshima alikuwa ng'ombe, na nyumba ya ng'ombe ndiyo iliyosimama mahali pa banda la Chantilly. Kwa hiyo msomaji anayetafuta majumba ya kihistoria ya Usukuma na mabanda yake ya mifugo asitafute mawe. Aanze na neno ambalo analisikia kwenye taarifa ya habari kila siku: ikulu.

Neno hilo limetoka huku, kwa Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi. Ikulu ni makao ya ntemi, mtawala. Kabla halijawa jina la makao ya Rais wa Tanzania, lilikuwa jina la kaya kubwa yenye nyumba nyingi, ua mkubwa na mifugo mingi. Ng'ombe wa ntemi hawakulala wote mahali pamoja. Wengine walikopeshwa kwa watu wa nchi yake, wakakamua maziwa na kutumia samadi, na ng'ombe wakabaki wake. Hekima ya mpango huo inaonekana siku ya ugonjwa au ya uvamizi, maana aliyetawanya hafilisiki usiku mmoja. Lakini ng'ombe waliobaki ikuluni walionekana, na mgeni alipoingia, kitu cha kwanza kukutana nacho kilikuwa harufu yao. Mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963. Ngoma, viti vya enzi na mavazi yao vilipata bahati ya kuhifadhiwa Bujora, Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri wa Kikanada, David Clement. Nimeyatembelea zaidi ya mara moja na nayapenda. Jengo la viti vya enzi lina umbo la kiti chenyewe. Hata hivyo kiti kinabebeka, na zizi halibebeki.

Ukitaka kuona zizi la mfalme likiheshimiwa kama jengo la taifa, nenda Nyanza, Rwanda. Pale Rukari wamejenga upya makao ya mwami kwa nyasi na mianzi, na nyuma ya nyumba kuu ipo nyumba ya maziwa peke yake. Inyambo, ng'ombe wenye pembe ndefu, wanatunzwa hapo hapo na kuimbiwa mashairi yao. Mgeni haambiwi tu kwamba mfalme alikuwa na ng'ombe, anawakuta.

Sasa turudi Bukundi, tulitazame jengo lenyewe.

Kwanza mahali. Wasukuma wana majina ya udongo ambayo wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiyachukua katika vitabu vyao tangu enzi za ukoloni: luseni, udongo wa kichanga wa juu ya mteremko, itogolo, ulio chini yake na mgumu, mbuga, ule mweusi wa bondeni unaonata mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Zizi halikai mbugani. Ng'ombe akisimama kwenye tope usiku kucha kwato zinaoza, na ndama anakufa. Kaya hukaa juu kidogo, kwenye kichanga kinachokunywa maji, na zizi huwekwa mahali ambapo mvua itasukuma mkojo na tope mbali na mlango wa nyumba na kuelekea shambani. Mzee alinionyesha mkondo huo kwa ncha ya fimbo. Mahindi yaliyokuwa mwisho wake yalikuwa ya kijani kibichi, ya jirani yalikuwa na njano.

Pili umbo. Zizi ni duara, na sababu zake zinahesabika. Zizi la duara lenye kipenyo cha mita 20 linahitaji ua wa karibu mita 63. Ukitaka mraba wenye eneo hilo hilo, utajenga karibu mita 71. Mita 8 za miiba ni siku nzima ya shoka na kukokota. Tena pembe ya mraba ndipo ng'ombe wenye hofu wanapobanana na kuumizana. Hofu ndiyo adui mkuu. Simba mjanja haruki ua. Huzunguka upande upepo unakotoka, akawapelekea ng'ombe harufu yake, nao wakichanganyikiwa huuvunja ua wenyewe kutoka ndani na kumkuta nje akiwasubiri. Maana yake mjenzi wa zizi anajenga kuta mbili katika moja: mmoja wa kuzuia kinachotaka kuingia, mwingine wa kuzuia kinachotaka kutoka. Miiba inatazama nje kwa ajili ya wa kwanza. Mashina mazito yanalala ndani kwa ajili ya wa pili.

Tatu, ua wa nje. Kaya nyingi za zamani zilizungushiwa minyaa, mti usio na majani wenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe. Utomvu huo ukiingia jichoni utalia siku mbili, wengine wameharibikiwa macho kabisa, na kwa sababu hiyo hata mbuzi, asiyeogopa kitu, anauacha. Wamaasai wanauita emanyara, na ndilo jina tulilolipa Ziwa Manyara. Kuupanda hakuhitaji utaalamu: unakata kijiti, unakichomeka, kinaota. Baada ya miaka michache una ukuta usioliwa na mchwa, usioungua kirahisi, unaojiziba wenyewe. Watu wakihama, minyaa haihami. Ukipita katika nyika za Meatu, Maswa na Bariadi ukaona duara la minyaa iliyorefuka kama miti ya kawaida, katikati hakuna nyumba wala mtu, simamisha gari. Hayo ni mahame. Ndani ya duara lile palikuwa na kaya, na ndani ya kaya palikuwa na zizi.

Nne, mpangilio. Ndama wachanga hawalali na wakubwa. Wana kizizi chao, na zamani walilala ndani ya nyumba ya msonge pamoja na mbuzi, upande wao wa ukuta wa ndani. Mama wa nyumba aliwasikia wakipumua. Nyumba zinalitazama zizi, na mwenye kaya akifungua mlango usiku jicho lake linakutana kwanza na pembe. Mbele ya zizi huwashwa moto wa jioni, shikome, unaokokwa kwa kuni na samadi kavu. Moshi wake hufukuza mbu na nzi kwa ng'ombe, na joto lake hukusanya wanaume na vijana. Hapo walikula. Hapo kijana alifundishwa jina la kila ng'ombe, alitoka wapi, kwa mahari ya nani, na ni wa ukoo gani ng'ombe huyo, maana ng'ombe nao wana nasaba. Watu wanaosema Wasukuma hawakuwa na shule wamesahau kuhesabu shikome. Niliketi kwenye ule wa Bukundi kwa saa mbili, na mjukuu wa mzee, mtoto wa darasa la tatu, alinitajia ng'ombe 14 kwa majina bila kukosea, akaniambia na yupi alikuwa wa mahari ya shangazi yake.

Ukanda mweupe niliouona shimoni ni shikome. Zizi linapopanuliwa au kusogezwa hatua chache, mahali pa moto hufunikwa na samadi, majivu yakabaki katikati kama ukurasa uliokunjwa.

Historia iliyopita juu ya mazizi haya ni ndefu, nami nitaipitia haraka isipokuwa mahali pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilikuja sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa nchi za wafugaji. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria aliyepita Umaasaini, Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta Wamaasai wakifa njaa kwa sababu mifugo yao ilikuwa imekwisha. Fikiria zizi bila ng'ombe. Ua unabaki msimu mmoja, mchwa wanaumaliza, nyasi zinaota, kisha vichaka, na vichaka vikishika, mbung'o anarudi. Ng'ombe ndio waliokuwa wakiifyeka nchi kwa midomo yao. Walipokufa, pori likasogea hadi milangoni. Ilibidi kizazi kilichofuata kiirudishe nchi kwa mapanga: katika miaka ya 1920, upande wa Shinyanga, maelfu ya watu waliitwa na watemi wao kufyeka vichaka, naye Charles Swynnerton akaanzisha huko kituo cha utafiti wa mbung'o. Ng'ombe wakarudi, mazizi yakajengwa, mara nyingi juu ya mahame yale yale, maana wazee walikumbuka sakafu zilikuwa wapi. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Ni ugonjwa wa pili katika historia kutokomezwa na binadamu, baada ya ndui.

Katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji. Kaya zilizotawanyika zikahamishiwa kwenye vijiji vilivyopangwa kwa mistari, na zizi ambalo lilikuwa kitovu likawa tatizo la jirani: harufu, nzi, ng'ombe kuingia bustani ya mwingine. Wengi walirudi taratibu kwenye maeneo yao miaka iliyofuata. Wengine hawakurudi, na mahame yao ndiyo yale maduara ya minyaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe kwa bunduki ulizidi, na kutoka huku Usukumani na Unyamwezini likazaliwa jeshi la jadi la sungusungu. Ua wa miiba haukuweza tena kumlinda ng'ombe peke yake. Uliongezewa filimbi na yowe la kijiji kizima.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niiandike sura hii.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Ni kipimo kinacholifaa jiwe: Kilwa, Kaole, hata Gofu la Mtoni kule ng'ambo kama lingekuwa bara. Ukikipeleka Bukundi, zizi linashindwa mtihani hata kabla halijaingia chumbani. Miiba ya misimu miwili! Hakuna zizi la miiba lililowahi kutimiza miaka 20, achilia mbali 160. Kwa kipimo hicho Msukuma hana jengo la kale, na mfugaji yeyote wa Afrika Mashariki hana. Wapo wasomi wetu waliokubali hukumu hiyo kimoyomoyo. Wanaandika juu ya ngoma za Wasukuma, dawa zao, methali zao, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, na wakifika kwenye usanifu wanaandika aya moja kuhusu nyumba ya msonge kisha wanafunga.

Mimi nasema wamepima miiba, hawakupima chini.

Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Fiona Marshall kuhusu maeneo matano ya wafugaji wa kale kusini magharibi mwa Kenya, upande wa Narok. Watafiti walichimba mahali ambapo nyasi zilikuwa za kijani kuliko jirani yake, sehemu za duara katikati ya nyika, na wakakuta chini mabaki ya samadi ya mazizi. Umri wake: kati ya miaka 1,550 na 3,700. Ua umekwisha, nyumba zimekwisha, hata lugha waliyoongea wenyewe hatuna hakika nayo. Udongo bado una fosforasi, naitrojeni, kalsiamu na magnesi zaidi kuliko udongo wa pembeni. Nyasi tamu zinaota pale, swala na nyumbu wanakuja kula, nao wanaongeza samadi yao. Zizi la miaka 3,000 iliyopita linaendelea kulisha wanyama leo. Tena pembezoni mwa mbuga ambazo dunia nzima inaziita pori lisiloguswa, sehemu ya neema hiyo ilitandazwa na wafugaji.

Na si Kenya tu. Mashariki ya Bukundi, ng'ambo ya Ziwa Eyasi, kwenye nyanda za juu za Mbulu, kuna mahali paitwapo Luxmanda. Wachimbaji wa mambo ya kale, Watanzania na wageni, wamefukua huko makazi makubwa ya wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo yenye umri wa miaka ipatayo 3,000. Hao hawakuwa Wasukuma, na hakuna haja ya kuwafanya Wasukuma ili tuwaheshimu. Inatosha kujua kwamba katika ukanda huu huu mtu alivuta mti wa miiba jioni, akawahesabu ng'ombe wake, na kwamba sakafu yake ipo.

Basi tukiuliza jengo ni nini, jibu la mzee linasimama vizuri mbele ya sheria yoyote. Miiba ni paa la nyasi la jengo hilo, kitu cha kubadilishwa. Jengo lenyewe ni sakafu. Mfaransa alipandisha kuta zake juu ili farasi waheshimike. Mfugaji wa huku aliteremsha zake chini, tabaka juu ya tabaka, na kila kizazi kilichangia bila kufuta cha kabla yake. Umri wa mwaka 1863 si kitu kwa sakafu ya namna hiyo.

Yupo atakayesema kwamba kitu kinachobadilishwa kila mara si urithi. Namwomba atazame makaburi ya wafalme wa Buganda, Kasubi, jijini Kampala. Yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Machi 2010 yaliungua. Nyasi zile hazikuwa za karne ya 19. Zilikuwa zikibadilishwa siku zote na watu wa ukoo wa Ngeye, wenye dhamana ya kuezeka. Kwa hiyo baada ya moto kilichotakiwa kiwepo ni mafundi, na mafundi walikuwepo. Mwaka 2023 Kasubi iliondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tanzania nayo imeridhia mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 unaolinda urithi usioshikika, ambao ni pamoja na ujuzi wa fundi. Kuchagua mgunga ufaao, kuulaza shina ndani, kupima uwazi kwa pembe za ng'ombe, kusoma mteremko kabla ya kukata mti wa kwanza: huo ni ujuzi wa fundi.

Ujuzi huo haujafa, lakini unabadilika haraka. Miti ya miiba imepungua na kukata ovyo kumekatazwa sehemu nyingi, kwa haki. Seng'enge imeingia, na mabati, na nguzo za saruji kwa wenye uwezo. Silaumu mtu. Huko Loibor Siret, Simanjiro, wafugaji wakishirikiana na wahifadhi wameunganisha mambo mawili: wanapanda miti hai kuzunguka zizi, kisha wanafunga waya wa wavu kwenye mashina yake. Wanaziita kuta hai. Simba hapiti, mti haukatwi, na zizi bado ni duara. Babu aliyepanda minyaa angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Kinachonitia hofu ni trekta. Pamba, alizeti na choroko vinapanuka Simiyu, na mahali pa kwanza ambapo mkulima hupatamani ni mahame, kwa sababu ile ile ya fosforasi. Anang'oa minyaa, analima kina kirefu, anavuna vizuri miaka michache. Sakafu iliyowekwa na vizazi sita inageuzwa juu chini kwa asubuhi moja, majivu ya shikome yakachanganyika na samadi ya juzi, na hakuna mtaalamu duniani atakayeweza kuzisoma kurasa zile tena. Halimi kwa ubaya. Hajaambiwa kwamba analima jengo.

Na huku Usukuma tuna mfano wetu wenyewe wa namna ya kuzuia. Ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yaliwe wakati wa kiangazi, yalikuwa yamekaribia kutoweka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986, wakati Meatu na Bariadi zikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na ukaacha kuwafundisha watu mambo mapya ili uwarudishie ya kwao. Mkutano wa kijiji uliamua ngitili iko wapi, sheria ndogo ikaandikwa, faini ikawekwa, sungusungu wakalinda. Miaka ishirini haikwisha, eneo la ngitili lilikuwa limepita hekta 300,000. Utaratibu ule ule unaweza kulinda mahame mawili au matatu katika kila kata. Hauhitaji kiingilio, uzio wala kibao cha shaba. Unahitaji mkutano mmoja wa kijiji, wazee wanaojua minyaa ipi ilikuwa ya nani, na ukurasa mmoja kwenye kitabu cha sheria ndogo unaosema: hapa tunalisha, hatulimi. Na kwa yale yenye uzito wa taifa, sheria ya 1964 inampa Waziri uwezo wa kutangaza mahali pa kihistoria kuwa pa kulindwa, hata kama hapajatimiza kipimo cha 1863.

Ewe msomaji uliyezaliwa Meatu, Itilima, Maswa, Busega au Bariadi, ukienda nyumbani likizo ijayo, mwombe mzee wa kwenu akupeleke kwenye mahame ya ukoo. Nenda na daftari. Andika jina la aliyekaa pale, mwaka waliohama, zizi lilikuwa upande gani na shikome upande gani, kisha upeleke nakala kwa mtendaji wa kijiji kabla ya msimu wa kulima. Kule Bukundi msimu huanza mwezi Novemba.